Namba Mbili za Mwokaji Mmoja

Benchi lilikuwa mbele ya kinyozi, mguu mmoja umeegeshwa kwenye tofali, na kila jioni Kinyozi na wenzake wawili walikaa hapo wakinywa kahawa na kuihukumu dunia. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya mwenzao Jivu, mwokaji wa mikate, mtu wa ibada asiyedanganya hata bei ya shati lake. Ofisini kwa mwajiri wake walikuwa wamelinganisha saa zake za kazi na mikate inayoungua. Hesabu ya kwanza ikatoa sifuri nukta nane, karibu na moja kamili, ambayo ni kupanda pamoja daima: akikaa sana, inaungua sana. Karani akairudia kwa njia nyingine, akazipanga siku kwa nafasi tu kama watoto darasani, ili ile siku moja tanuri lilipochoma kila kitu isiziburute nyingine zote. Ikatoka nukta mbili, jambo dogo. Kesho meneja angechagua namba moja, ambakize Jivu au amwachishe kazi.

— Nukta nane maana yake mikate minane katika kumi umeichoma wewe, alisema Kinyozi. Tubu tu, ndugu yangu.

— Ingekuwa hivyo ningeuza makaa.

Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika kama mshtakiwa tu, akashauri zijumlishwe. Haba na haba hujaza kibaba: nane na mbili ni kumi, na mwenye kumi amefaulu. Kinyozi akakataa, hizo ni kama homa, na homa ya nukta nane hata kitandani haikulazi. Wakili akapaa zaidi: huenda mikate ndiyo inamwonea Jivu kijicho, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni nani, hakusema. Jivu alizidi kuchanganyikiwa.

Mkewe akaja kuchukua ufunguo wa nyumba, akasikiliza amesimama.

— Baba, mikate inaungua kwa sababu umekaa sana, au unakaa sana kwa sababu imeungua na lazima uoke mingine?

Wakili akachungulia kikombe chake. Jivu alitaka kusema ni hilo la pili, maana lingemwokoa. Kisha akakumbuka alivyowahi kusinzia mbele ya tanuri kwa uchovu wa saa za ziada. Akakumbuka pia jioni alizobakishwa kufidia iliyoungua. Zipi zilikuwa nyingi? Mungu alijua, lakini ofisi haikumuuliza Mungu.

— Mbele ya Mola wangu, mama, sijui.

Mkewe akajibana mwishoni mwa benchi. Wasiojua wakawa wanne.