Daktari wa Mawe

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi nisiyoitaka, ya kumsimulia dada yangu mkubwa kwa neno "alikuwa".

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha zimamoto, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya viumbe wa baharini. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti kilimpa kazi ambayo wenzake waliikimbia, kuzamia kila mwaka kwenye matumbawe yaleyale, yale mawe hai ya baharini, kuyapiga picha na kupima yapi ni mazima na yapi yanaugua, majirani wakambandika jina la Daktari wa Mawe, naye akacheka, "Wagonjwa wangu angalau hawalalamiki."

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwenye boti za kupeleka watalii kuzamia, wakajaliwa binti na mapacha wa kiume.

Mwaka 2004 aliona mabaka meupe yakiyala matumbawe, yakianzia pale nanga za boti za watalii zilipoyajeruhi, na picha za miaka yote zikathibitisha kwamba si jambo la kupita. Dawa ilikuwa moja, kulifunga eneo lile, nalo ndilo lililokuwa riziki ya mumewe. Shemeji anasimulia kwamba jioni ile dada hakugusa chakula, akasema, "Baba watoto, nikiandika ninachokiona, nimekufungia mlango." Shemeji akamjibu, "Andika. Nilioa mtu mkweli, sitaanza leo kumfundisha uongo."

Eneo likafungwa, boti zikauzwa, shemeji akawa fundi wa injini za watu, wenye boti wengine wakamnunia dada miaka mingi, naye hakuacha kuwasalimia, hadi ugonjwa wa matumbawe ulipotulia na samaki wakarudi, na leo wenye boti haohao ndio waliobeba jeneza lake.

Mei mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu, akakatazwa kuzamia, ukaguzi wa mwaka huu akaufanya binti yake, yeye akisubiri botini kajifunika blanketi. Binti akaibuka akipiga kelele, "Mama, kuna matumbawe machanga, hata pale palipokufa!" Dada machozi yakamtoka, lakini akamwambia, "Umepiga picha? Basi rudi chini, hakikisha."

Alifariki tarehe 2 Oktoba, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliomheshimu hadi mwisho.

Dada, umefanya kazi ya kutosha, sasa lala, upumzike salama.