Risala ya Mstari wa Tatu Kuhusu Simu ya Dada Ok-bun

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kampuni Pyo Gwang-sik, waheshimiwa wa meza kuu, wafanyakazi wenzetu:

Karibu

Sisi wa Mstari wa Tatu wa uzalishaji, kiwanda cha vioo cha kampuni ya simu ya Dongmaru hapa Asan, tunakukaribisha kwenye maadhimisho ya mwaka wa ishirini na sita. Supu ya mwani, ile ya siku ya kuzaliwa, iko tayari. Utuwie radhi, risala iliyopitishwa na ofisi siyo hii.

Historia

Kila mwaka siku hii tunaweka mezani simu ya mahasimu wetu, Byeolsan, na kuivunja kwa nyundo. Mwaka jana ilikosekana ya kuvunja. Tukamwona nayo Dada Maeng Ok-bun, mkaguzi wetu wa vioo kwa miaka kumi na tisa. Binti yake alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza.

“Dada, wali unakula kwetu, salamu unatuma kwa adui?” tulimtania.

“Basi nitoe picha za mwanangu kwanza.”

Hatukumpa nafasi. Aliyeinua nyundo ndiye anayesoma risala hii.

Dada alipiga magoti kuokota vipande. Akageuza kimoja, akaona alama ya ukaguzi pembeni. “Jamani, hiki ni chetu. Nimekipitisha mimi.”

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Wiki iliyofuata aliitwa ofisini, akaambiwa ni mwongo anayechafua jina la kampuni. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Mafanikio

Tumevuka lengo miaka minane mfululizo. Mwezi Aprili magazeti yakatueleza sababu: kwa miaka hiyo minane Dongmaru imekuwa ikiwauzia Byeolsan vioo kwa mkataba wa siri.

Changamoto

Tunaona haya, na si kwa kudanganywa. Wapakiaji wetu walizijua zile kreti zisizo na jina, na malori yaliyokata kushoto kuelekea kwa Byeolsan. Tulijua nusu, tukaona kumcheka Dada ni rahisi kuliko kuuliza.

Tulimpelekea boksi la matunda ya pea kumwomba radhi. Alifungua mlango kidogo tu. “Pea nzuri hizo, kuleni wenyewe. Mimi mlinicheka mchana, watu wote wanaona. Mnakuja kuninong'oneza mlangoni?”

Maombi

Hatuombi nyongeza. Tunaomba useme kwenye kipaza sauti hiki kwamba Maeng Ok-bun alisema kweli, na arudi kazini akipenda.

Ratiba inasema sasa wewe ndiye utakayepiga nyundo ya kwanza. Simu iko mbele yako, chini ya kitambaa chekundu. Tumeikagua asubuhi. Kioo chake ni cha Mstari wa Tatu.

Dada Ok-bun tumemwalika, naye amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Hajavua koti.

Tunakutakia afya njema, Mwenyekiti, na ulimi mwepesi leo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mstari wa Tatu, Asan