Tangazo Aliloliondoa Mwalimu Asukile

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mwalimu Asukile Mwambene atakuwa amefundisha kwa miaka thelathini na moja, mingi kati ya hiyo hapa shuleni kwetu Iringa. Siku hiyo anastaafu na kurudi nyumbani kwao Soweto, Mbeya.

Alianza kama mwalimu wa Jiografia. Kompyuta za kwanza zilipoletwa shuleni, alikabidhiwa yeye kwa sababu, kama anavyosimulia mwenyewe, ndiye pekee aliyekosa kikao cha kugawana majukumu. Alijifunza kwa kukosea. Wanafunzi wa zamani wanakumbuka alivyokuwa akiipiga printa kofi dogo na kuiita "mjomba" ili ikubali kuchapa.

Sisi wa klabu ya habari tutamkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka juzi. Katikati ya msimu wa vitunguu, tovuti moja iliandika kwamba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vina sumu inayoharibu figo. Haikutaja daktari wala maabara yoyote. Hata hivyo habari ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na malori ya wanunuzi yakaanza kupita bila kusimama. Baba yake Rozalia, mwanafunzi mwenzetu, alibaki na magunia yake kando ya barabara.

Tulikasirika. Tukaingia chumba cha kompyuta, tukafungua ukurasa ule, kila mmoja akaanza kuandika maoni ya kuupinga. Mwalimu Asukile akatokea mlangoni.

"Jamani, hebu fungeni! Kila mkiingia kumtukana, mwenye tovuti anaingiza hela."

Akatueleza kwamba tovuti kama ile haijali kama msomaji anaamini au anachukia. Kampuni za kusambaza matangazo huilipa kadiri watu wanavyoifungua, na uongo wa kutisha hufunguliwa haraka kuliko ukweli. Tukaanza kufunga. Ndipo Blessing, mwenzetu anayeimba kwaya, akasema, "Mwalimu, ona. Huyu si mimi?"

Chini ya kichwa cha habari cha sumu, kwaya ya shule yetu ilikuwa inatabasamu. Lilikuwa tangazo letu la kuita wanafunzi wapya, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelipendekeza. Shule ilikuwa imechagua watu wa kuliona tu, yaani wazazi wa Nyanda za Juu Kusini. Ukurasa wa kuliweka ulichaguliwa na kompyuta za kampuni ya matangazo. Kwa hiyo shule ya Rozalia ilikuwa inasaidia kulipia uongo uliokuwa unaozesha vitunguu vya baba yake.

Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Madam Faustina. Sisi tulibaki nje ya mlango.

"Mwalimu, huu ndio mwezi wa kuandikisha. Tukiliondoa, nani atatuona?"

"Wachache, Madam. Lakini Rozalia nitamtazamaje?"

Tangazo liliondolewa mchana ule. Mwalimu aliiandikia kampuni ile, na baada ya kusumbuana sana ikaacha kuilipa tovuti. Siku ya wazazi alinunua vitunguu kwa baba yake Rozalia, akawaeleza wageni kosa lilivyotokea, kisha akala sahani nzima ya kachumbari huku machozi yakimtoka. "Msiogope," alisema, "ni ukali wa vitunguu tu, figo hazilii hivi." Watu wakacheka, na wengine wakajipakulia.

Wanunuzi walirudi kidogo kidogo, ingawa sehemu ya mavuno ilikuwa imeshaharibika. Mwaka uliofuata kidato cha kwanza kilikuwa na madawati mengi matupu. Mwalimu alilaumiwa kikaoni, naye hakumsukumia mtu mwingine lawama hizo.

Mwezi uliopita, wakala wa matangazo alimpigia simu Madam Faustina tukiwa ofisini kwake kuchukua chaki. Madam alimuuliza jambo moja tu: "Picha za wanangu mtaziweka ukurasa gani?" Aliposikia kwamba hilo halijulikani mapema, alimshukuru na kukata simu.

Asante, Mwalimu Asukile. Swali hilo umetuachia, nasi tutaendelea kuliuliza. Tunakuombea afya na siku njema huko Soweto.