Dkt. Dorine Awuor, Aliyetunza Figo ya Kaka Yake

Dorine alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Macalder, Nyatike, binti wa pekee wa marehemu Mzee Ogweno, mchimba dhahabu, na marehemu Mama Penina. Yeye na kaka yake Stanley, anayewasomea maneno haya, walikua wakichekecha mchanga mtoni. Mikono yao ilizoea zebaki kabla ya kuzoea kalamu.

Alisoma shule ya msingi Macalder na sekondari ya bweni mjini Migori, akafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 1999. Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpa shahada tatu, ya mwisho mwaka wa 2012.

Tarehe 13 Desemba 2008 aliolewa na Mwalimu Tony Odero wa Mbita, wakajaliwa Lynnet na Valentine.

Kazi yake ilikuwa katika maabara mjini Kisumu, akichunguza seli T, askari wa damu wanaoshambulia kila kitu kigeni mwilini. Mtu akipewa kiungo cha mwingine, hao ndio hukikataa. Dawa zilizopo huwalaza askari wote, na mlango unabaki wazi kwa maradhi. Dorine alitafuta njia ya kuwatuliza wale wachache tu wanaokichukia kiungo. Alipomweleza Mama Penina, Mama aliuliza, "Kwa hivyo unafundisha damu kukaribisha wageni?"

"Mgeni mmoja tu, Mama. Kwa wengine wote ibaki macho."

"Hiyo ni ngumu kuliko ndoa."

Mwaka wa 2015 figo za Dorine zote mbili zilikufa. Kwa miezi kumi na moja alisafiri kila wiki hadi mjini Homa Bay kusafishwa damu, na kompyuta yake magotini. Tarehe 9 Juni 2016, Nairobi, alipewa figo ya kushoto ya Stanley. Tony alikuja wodini akicheka kwa hofu. "Shemeji, sasa wewe ni mtu wa Mbita."

"Figo tu," Stanley akajibu. "Mimi nitazikwa kwa baba, Macalder."

Dorine akafumbua macho. "Basi tutakuzika mara mbili."

Aliishi na figo hiyo zaidi ya miaka minane. Kila asubuhi na jioni alimeza dawa zilezile alizotaka kuwaondolea watu. Katika panya wa maabara, njia yake ilifaulu. Kwa binadamu ilikuwa bado.

Agosti 2024 Mama Penina alifariki. Daktari alimwonya Dorine akae mbali na umati. Stanley ndiye aliyempigia simu. Alimwambia, "Binti wa pekee, na mama yako amelala ndani. Watu watasema umelala wapi?" Dorine akasema, "Nakuja." Kama ilivyo desturi, alilala sakafuni pamoja na wanawake katika nyumba ya mama, siku nne, madirisha yakiwa yamefungwa. Mtu alikuwa akikohoa. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Kifua kikuu kilimwingia, na askari wake walikuwa wamelazwa. Alilazwa mjini Homa Bay mwezi wa Novemba. Stanley alipojaribu kuomba msamaha, alimkatiza: "Omera, ndugu yangu, acha. Figo yako haijanisumbua hata siku moja." Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Daktari alisema figo ilifanya kazi mpaka mwisho.

Ameacha mume wake Tony, watoto Lynnet na Valentine, kaka yake Stanley, na wenzake wa maabara, ambao wameahidi kuendelea na kazi.

Kwa desturi yetu, kaka hazikwi katika boma alikoolewa dada yake. Leo, Jumamosi tarehe 15, sehemu yangu inatangulia kuingia udongo wa Mbita, ikiwa nzima kabisa, ndani ya mtu niliyemwita matangani.

Udongo huu utupokee sote wawili, usitukatae.