Hajjat Ibtihal, Aliyetupimia Sungura kwa Miaka Thelathini na Moja

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, Hajjat Ibtihal Shinawi, muuguzi mkuu wa zahanati yetu ya wanyama hapa Bakos, Aleksandria, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, Daktari Safwat, ndiye niliyegombana naye kuliko wote. Kamati ya sherehe inadhani huo ni utani. Si utani.

Aliajiriwa kufagia na kushika paka wakali. Kazi iliyomjengea jina alijipa mwenyewe bila kuombwa na mtu: kumpima uzito kila sungura anayeingia mlangoni. Sungura kaja kukatwa kucha? Mizani. Kapitishwa tu kwa sababu mwenyewe alikuwa anakwenda sokoni? Mizani. Foleni imefika kwenye ngazi, simu inalia, mbwa wawili wanatafutana ubaya, na Hajjat amesimama kimya anangoja masikio yatulie ili mshale usitetereke. Kisha anaandika gramu kwa penseli katika daftari lake la kijani, polepole, kama anayeandika hati ya ndoa. Nimemsihi aache. Nimemwamuru aache. Niliwahi hata kuificha mizani, akaleta ya jikoni kwake.

Wateja wetu nao ni mtihani. Watu wa mji huu wanampenda sungura kwa namna mbili, kwenye kochi na kwenye sufuria, na wa kwenye kochi hulishwa biskuti. Tunawaambia: majani makavu, kutwa kucha, la sivyo meno yatamwua. Wanaitikia kwa kichwa, kisha hawanunui. Hakuna mkazi wa ghorofa ya saba anayekubali kuonekana kwenye lifti na furushi la chakula cha punda. Mhandisi mmoja alijaribu, na bawabu wake akampokea mbele ya majirani: “Hongera, Mhandisi! Punda mtamlaza chumba gani?” Hakujaribu tena.

Hajjat ndiye aliyepata dawa ya ugonjwa huo. Alianza kukusanya maboksi ya duka jirani la basbusa na vitamutamu vingine, akayajaza majani makavu na kuyafunga utepe wa dhahabu. Tangu hapo mabibi wa Bakos wanapanda lifti vichwa juu. Mimi nililiona jambo hilo ni upuuzi, na bado naliona hivyo, ila linafanya kazi.

Sasa nifike kwa Basha, maana mtaani kuna maneno, na maneno hayo yamemwandama Hajjat mpaka wiki hii ya mwisho. Wanasema ndiye aliyezembea hadi sungura huyo akakaribia kufa.

Basha ni sungura wa kahawia, mwenye masikio ya kulala, wa Madamu Nermin, mshonaji wa magauni ya harusi. Mwaka jana aliacha kumaliza chakula. Alikikimbilia kibakuli, akasimama juu yake, kisha akageuka akaenda zake. Kidevu kilikuwa kimelowa mate muda wote. Mama mkwe wa Nermin, Bibi Tafida, alimwonea huruma akawa anamlowekea mkate kwenye chai ya maziwa. Ilipofika Oktoba akatoa hukumu.

“Nermin mwanangu, huyu anakwisha. Ijumaa tumchinje angali na nyama, tumpike na mchuzi wa majani ya mulukhiya. Akijifia mwenyewe ni haramu, na ni hasara.”

“Mama, nakuomba, nipe mpaka hiyo Ijumaa.”

Nermin alitufikia Jumatano, macho mekundu, akatueleza habari za Ijumaa. Hajjat alimweka Basha kwenye mizani: kilo moja na gramu mia nne. Agosti alikuwa na kilo mbili kamili. Nilikwishamtazama meno ya mbele, meupe, yamekutana vizuri, nikawa naandika vitamini.

“Ni hewa tu inabadilika,” nilisema.

“Hewa imekula gramu mia sita, Daktari? Mfungue mdomo mpaka nyuma.”

“Hajjat, nina watu tisa pale nje.”

“Watu tisa watakaa. Huyu ana siku mbili.”

Akafunga mlango na kuuegemea. Hajjat si mwembamba, na mlango ni mmoja. Nikampa Basha dawa ya usingizi, nikaingiza taa. Magego yalikuwa yameota ncha kuelekea ndani, na ncha hizo zimeuchana ulimi. Kila alipotafuna, alijikata. Nani angekula? Nilizisaga zile ncha, na kwa siku mbili Hajjat alimlisha uji wa majani kwa bomba la sindano, akimsemesha kama mtoto mchanga, huku kazi nyingine zote zikinisubiri mimi. Ijumaa Basha alirudi nyumbani, akisindikizwa na boksi lenye utepe.

Bibi Tafida alikuwa na wageni. Alilipokea boksi, akashukuru, akalifungua mezani mbele yao. Jumamosi tulimkuta ametutangulia mlangoni pa zahanati.

“Majani ya punda! Kwenye boksi la basbusa! Mbele ya wageni wangu, na vijiko nimeshagawa!”

“Tuwie radhi, Bibi,” alisema Hajjat, akimkaribisha ndani.

“Na huyu sungura kaletwa hapa mara mbili mwezi uliopita. Mara mbili! Mlikuwa mnatazama nini? Wewe si ndiye wa mizani?”

Hajjat alilitazama daftari lake, akalifunga. “Ndiye mimi. Kosa ni langu.”

“Kumbe! Na mimi namlowekea mkate kila asubuhi, kama ninavyokula mwenyewe tangu meno yaning'oke. Mimi nimemkosea nini?”

Hajjat akamshika mkono. “Hujamkosea kwa kumhurumia. Ila meno yako wewe yamekwisha, yake hayaachi kuota mpaka kufa. Asipoyasaga kwa kigumu kutwa, yanamchoma. Wewe chukua mkate, yeye mpe majani.”

Bibi Tafida alikubali, jambo ambalo Nermin anasema halijapata kutokea.

“Basi nipatie mengine,” alisema mwisho. “Lakini boksi lisiwe la duka hili. Basbusa yao mbovu, watu watasema sijui kuchagua.”

Leo Basha ana kilo mbili kasoro gramu hamsini, na Bibi Tafida anawagombeza majirani kuhusu majani makavu kana kwamba kayagundua yeye. Ila kila akisimulia, anamalizia kwa kusema kwamba muuguzi yule alikiri kwa kinywa chake.

Nimelipitia daftari la kijani ili niandike wasifu huu. Miaka thelathini na moja, na jina la Basha lina nafasi mbili tu zisizo na uzito, zote za Septemba. Mwezi huo Hajjat alikuwa Umra. Alinikabidhi mizani, akaniapisha nipime kila sungura. Basha aliletwa mara mbili. Nilitazama meno ya mbele, nikasema ni joto, nikatoa vitamini, nikaita anayefuata. Sikumpima kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kipimo kimoja kingemwokoa na mwezi mzima wa kujikata ulimi.

Siku aliyosema kosa ni lake, nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kila neno, nikaendelea kunawa mikono. Miezi minane imepita na hajanitajia hata mara moja, wala kwa jicho. Kati ya tabia zake zote za kuudhi, hiyo ndiyo iliyonishinda kuvumilia.

Kwa hiyo naliandika hapa, kwenye ratiba ya sherehe itakayoshikwa na kila mgeni: aliyezembea ni mimi.

Hajjat, asante kwa kila gramu. Zahanati nzima inakuombea afya, usingizi wa mchana, na miaka mingi ya kutosubiri masikio ya mtu yatulie. Bibi Tafida, ukimaliza kunitukana, geuka kushoto. Hajjat nimempangia kiti kando yako.