Vipande 1,143 vya Mama Masika

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Célestine Masika anafunga droo yake ya visu baada ya miaka kumi na tisa na miezi miwili katika maabara yetu hapa Johannesburg. Nimekaa naye benchi moja miaka kumi na minne, na mpaka leo namshangaa. Wenzetu watamsifu kwa Kiingereza, na watamsifu vizuri. Ukurasa huu wa Kiswahili nimeuomba mwenyewe, maana kuna jambo hawalijui.

Kwa wageni wetu: maabara hii ndiyo inayotengeneza Pima, programu ya kompyuta. Mhandisi anaandika jina la kitu, tuseme mpira, mbao au saruji, nayo inamwambia mawimbi ya redio yanapitaje humo na umeme unapotea kiasi gani. Wanaotengeneza antena, majiko ya maikrowevu na mashine za hospitali wanaitegemea. Namba zile haziokotwi barabarani. Kila kitu hukatwa kipande cha milimita 22.86 kwa 10.16, kikaingizwa ndani ya kishikio cha shaba, kikapimwa. Ikibaki hewa pembeni, hata nyembamba kama karatasi, mashine inapima kitu pamoja na hewa, na namba inatoka ya uongo.

Mama Masika, mzaliwa wa Butembo, Kongo, alikuwa fundi cherehani Jules Street, mtaa wa Malvern hapahapa Johannesburg. Mwaka 2006 Injinia Théodore, mkuu wa maabara wakati ule, alimpelekea suruali ya kupunguza. Alipoona mkono wake, kesho yake akarudi na kipande cha mpira na vipimo kwenye karatasi. Jamani! Kile kipande kiliingia kishikioni kwa kusukumwa na kidole gumba, wakati wahandisi na digrii zao walikuwa wamehangaika nacho wiki nzima. Septemba hiyohiyo akaajiriwa.

Tangu hapo kila kitu kilichomo ndani ya Pima kimepita mikononi mwake: vitu 1,143. Kioo, ngozi ya ng'ombe, tofali, hata poloni, ile soseji nene ya huku, ambayo mabaki yake tuliyala na mkate, na tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kukata mkate ofisini mbele yake. Mimi, mtu wa Tanga, nilikuja nikimcheka Kiswahili chake cha Kongo. Akashika kipande nilichojaribu kukata, akasema "hii iko na hewa", akanirudishia. Nikaenda kupima kwa ubishi. Hewa ilikuwemo, na kicheko kikaniisha.

Mwaka 2014 vidole vyake vilianza kuona vipande vinaingia kirahisi mno. Alihisi kishikio kimelika kwa ndani, na alinyamaza wiki tatu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea mkataba huo, na watoto watatu walikuwa shuleni. Siku ya kusaini aliisogeza karatasi pembeni, akamwambia mkurugenzi wa wakati ule kwamba vitu 212 vya mwisho kuingia ndani ya Pima vina namba za uongo, na kwamba yeye alijua.

Mkurugenzi hakuamini. Kishikio kikapelekwa kupimwa nje, na siku tisa Mama Masika alikuja kazini bila mkataba, akikata vipande vyake. Mimi hata chai ilinishinda. Majibu yakaja: kimelika, kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Eish, unywele! Mkataba ukasainiwa, naye akavikata vyote 212 upya kwa miezi mitano.

Aliomba kitu kimoja tu. Namba za zamani zisifutwe. Zipigwe mstari, zibaki zikionekana, na pembeni liandikwe jina la mwenye kosa. Akaandika lake. Nilimwambia kosa ni la kishikio. Akakataa katakata, akasema zile wiki tatu hazikuwa za kishikio, zilikuwa zake.

Sasa lile jambo. Pima huandika jina la anayeendesha mashine, haiandiki la anayekata. Kwa hiyo namba zote nzuri zina jina langu au la walionitangulia. La Célestine Masika limo mara 212, na zote ni kwenye makosa. Miaka kumi na moja nimeliona hilo kila siku, nami nikanyamaza. Naona aibu kuliandika, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuliandika.

Mwezi uliopita nilimweleza mkurugenzi wetu wa sasa, naye hakubisha. Toleo la Pima linalotoka leo lina mstari mpya chini ya kila kitu, juu ya jina la mpimaji: Kimekatwa na Célestine Masika. Mara 1,143.

Asante, Mama Masika. Nenda ukapumzike, cherehani yako inakungoja Malvern, na Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha na wajukuu zako. Zile namba 212 zilizopigwa mstari tumeziacha palepale, kama ulivyotaka. Nimeongeza kosa moja tu chini yake, la kunyamaza miaka kumi na moja, na hilo lina jina langu.

Karimu Nassir, Mpimaji