Masikio ya Kabera

Mwaka wa 1967, ndani ya kamio, yaani lori, iliyotoka Kingi kwenda Goma, nilikaa karibu na Mama Vestine. Alikuwa amempakata Kabera, mtoto wake mdogo anayeanza tu kukimbia. Baba mmoja tuliyemwita Papa, mchungaji wa ng'ombe aliyepandia Kirolirwe, akamuuliza, "Mutoto iko na nini, Mama?"

"Masikio, Papa. Maji inajaa ndani. Juzi ng'ombe zilikuja nyuma yake mu njia, nikamuita kwa nguvu, hakugeuka. Munganga wa hospitali atamulalisha na dawa, aweke katiyo, kamurija kadogo, mu kila sikio, maji itoke."

Papa akatikisa kichwa. "Kulalisha mutoto mudogo hivi! Na asipoamuka?"

"Hata mimi naogopa, Papa. Lakini asiposikia, nani atamutoa mbele ya ng'ombe kila siku?"

Akatueleza kwamba nyumbani walicheza kila jioni: anamfunika pua kwa kitambaa safi, wanapumua pamoja, wanacheka, ili mtoto asishtukie dawa ya usingizi. Munganga alikataza chakula tangu asubuhi, basi mama naye hakula, mtoto asimwone akitafuna. Wakirudi, hatamwacha aingize kichwa mtoni, maji yasiingie tena masikioni.

"Mimi singekubali," Papa alisema tena tuliposimama mbele ya hospitali. Hata hivyo aliruka chini wa kwanza, akanyoosha mikono. "Nipe mutoto, Mama. Shuka polepole."

Dereva akapiga honi, lakini Papa alikuwa bado anawasindikiza mpaka mlangoni.